Mvua inataka kunyesha: je, jirani anataka nini?

 

Siku zilizopita tulizungumza juu ya kura, juu ya ardhi, juu ya haki za mtu aliyekamatwa. Leo tuzungumze juu ya maneno tu. Najua kuna baba mmoja hapo anayesema: huyu alisoma sheria miaka yote ile, leo amekosa la kusema, sasa anatufundisha Kiswahili! Ngoja kidogo, baba. Usizime redio. Nitakueleza kilichonisukuma, halafu utahukumu mwenyewe.

Ilikuwa mwisho wa kiangazi, wakati ambapo maji ya ziwa yamerudi nyuma na matope meusi yameonekana. Ninyi wavuvi mnaujua wakati huo. Palipokuwa maji jana, leo pana udongo mzuri. Huyu anaona shamba la mahindi, yule anaona mahali pake pa kutega nyavu. Basi asubuhi moja mvuvi mmoja alifika na mtumbwi wake, akawaambia waliokuwa ufukoni: «Kule ng'ambo ugomvi unataka kutokea.» Akauza samaki wake, akaenda kulala, maana alikuwa amevua usiku kucha.

Saa tatu ya asubuhi, kwenye meza za samaki sokoni, habari ilikuwa hii: «Watu wa ng'ambo wanataka ugomvi.» Saa sita wenye baiskeli walikuwa wamekwisha kuifikisha mitaa ya juu, nayo ilikuwa imekua: «Watu wa ng'ambo wanataka kuja kutupiga.» Jioni nikawakuta vijana nyuma ya nyumba moja wananoa mapanga. Nikawauliza, nani aliwaambia? Kila mmoja alimtaja mwenzake. Basi tukaondoka watu watatu, kapita wa mtaa, mama mmoja muuza samaki, na mimi, tukaifuata habari kwa kurudi nyuma, kinywa kwa kinywa, kama mtu anayevuta kamba ya wavu ili aone kilichokamatwa mwishoni. Tulimfikia yule mvuvi usiku. Tulimwamsha. Alikasirika kidogo, akasema: «Mimi nilisema ugomvi unataka kutokea. Kama mvua inavyotaka kunyesha! Sikusema kuna mtu anayeutaka.»

Na ugomvi wenyewe? Ulikuwa wa mashemeji wawili, juu ya wavu mmoja uliochanika.

Wasikilizaji, tulicheka usiku ule, lakini mapanga yalikuwa yamekwisha kunolewa. Tangu siku hiyo nimekuwa nikiyasikiliza kwa makini maneno tunayoyatumia tunaposema kwamba jambo liko karibu kutokea, kwamba tumefika ukingoni mwake.

Tuanze na lile neno lililotuponza, neno kutaka. Kiswahili kimelipa kazi mbili. Kazi ya kwanza ni ya moyo: nataka maji, nataka mtoto wangu asome. Kazi ya pili haina moyo ndani yake kabisa. Tunasema mvua inataka kunyesha. Je, mvua ina tamaa? Tunasema ukuta unataka kuanguka, kibatari kinataka kuzimika, nilitaka kuanguka pale kwenye matope. Tunasema hata mgonjwa anataka kufa, na hakuna mtu anayefikiri kwamba mgonjwa amechoka na dunia. Tunasema tu kwamba saa yake imekaribia. Hapo kutaka ni sawa na kuwa ukingoni.

Tunaposema juu ya mvua au ukuta, hakuna hatari. Kila mtu anaelewa. Taabu inaanza pale tunaposema juu ya watu. «Wale wanataka kupigana.» Ni nini maana yake? Kwamba hasira zao zimefika juu na mapigano yako karibu, kwa hiyo twende tukawatenganishe? Au kwamba wamekaa, wameazimia, wanaitamani damu? Sauti ni moja. Mtu mwenye moyo mtulivu atasikia maana ya kwanza. Mtu mwenye hofu, au mtu aliyepoteza ndugu zamani katika vita, atasikia ya pili. Nao wenye hofu ndio wanaokwenda mbio kuwaambia wengine.

Kwa hiyo sisi wa redio, tunapoleta habari ya mahali palipo na msukosuko, tunajifunza kulikwepa neno hili. Kama tunajua nia ya watu, tunaisema waziwazi: wamesema, wameazimia, wametangaza, na aliyesema ni fulani. Kama hatuijui nia, tunasema hatari imekaribia, au mambo yanaelekea pabaya. Ni maneno marefu kidogo, lakini hayamwekei jirani moyo ambao hatukuuona.

Tukitoka hapo tuje kwenye neno la viongozi na magazeti: ukingo. Mara ngapi umesikia kwamba nchi iko ukingoni mwa vita? Hebu liangalie vizuri sentensi hiyo, mpenzi msikilizaji. Hakuna mtu ndani yake. Nchi imefika ukingoni kana kwamba ilikwenda kwa miguu yake, usiku, watu wote wakiwa wamelala. Nani aliyeipeleka? Nani anayeisukuma sasa hivi? Na mtu akitaka kurudi, apite njia gani? Nimezoea kuwaambia vijana katika semina zetu: kiongozi akikuambia kwamba tuko ukingoni, usitetemeke kwanza. Muulize: ukingo wa nini, na wewe mwenyewe umesimama wapi?

Sisi watu wa Bukama tuna bahati, kwa sababu tunaujua ukingo kwa miguu. Ukingo wa Lualaba wakati maji yanapojaa unaonekana mgumu, una majani mabichi, mbuzi wanakula juu yake. Lakini chini maji yamekwisha kula udongo. Aliye juu haoni kitu. Anayeona ni yule aliye ndani ya mtumbwi, anayetazama kutoka chini. Ndiyo maana mgeni anajenga karibu ya maji, na mwenyeji anatikisa kichwa. Katika mambo ya amani pia, wanaoona kwanza kwamba udongo umeliwa ni wale wa chini: mama anayeona kwamba wateja wa kabila fulani hawaji tena kwenye meza yake, mwalimu anayesikia neno jipya la matusi katika michezo ya watoto. Hao hawaulizwi mara nyingi. Wanaoulizwa ni wale waliosimama juu.

Neno kando ni jirani wa ukingo, lakini halina hofu hiyo. Kando ya mto tunafua, tunapika, tunangojea mtumbwi, tunaposana. Huku kwetu wengi husema pembeni, pembeni ya maji, pembeni ya njia. Mtu anaweza kuishi pembeni maisha yake yote bila kuanguka. Tena mji wetu wenyewe ulikua kwa sababu ya kuwa pembeni. Reli iliyotoka Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, ilifika hapa mwaka 1918. Ikasimama. Chuma kiliishia hapa na maji yakaanza hapa: mizigo ilishushwa kutoka mabehewa, ikapakiwa katika meli zilizoteremka Lualaba kuelekea Kabalo na Kongolo, safari ya kilometa zaidi ya 600. Baadaye, mwaka 1928, reli ya magharibi ikakamilika, ikipita Kamina mpaka Port-Francqui, ndiyo Ilebo ya leo. Kwa hiyo kabla ya hapo Bukama ilikuwa ukingo wa reli, na watu walikula kwa sababu ya ukingo huo. Waliokuja kupakia na kupakua hawakuwa wa kabila moja. Ukingo unaweza kuwa mahali pa kuanguka. Unaweza pia kuwa mahali pa kubadilisha gari.

Sasa niseme juu ya reli ileile katika siku nyingine, siku ambazo wengine wenu mliziona kwa macho yenu. Mimi nilikuwa mtoto mdogo. Ninayoyajua nimeyapata kwa wakubwa na kwa maandishi.

Tarehe 15 Agosti 1992, Mkutano Mkuu wa Taifa uliokaa Kinshasa ulimchagua Étienne Tshisekedi, mtu wa Kasai, kuwa waziri mkuu mahali pa Nguz Karl-i-Bond, mtu wa jimbo letu la wakati ule, lililoitwa Shaba. Ghasia zikaanza. Likasi mwaka huohuo wa 1992, kisha Kolwezi mwaka 1993, familia zenye asili ya Kasai zilifukuzwa katika nyumba zao. Maelfu kwa maelfu walilala vituoni wakingojea treni, majuma na majuma, wengine wakafa palepale kwa njaa na magonjwa. Na treni zilipopatikana zilipita wapi? Zilipita hapa. Zilivuka daraja letu la Lualaba zikielekea Kamina na Kasai, watu wamejaa ndani na juu ya mabehewa. Wengi wao walikuwa wamezaliwa huku. Baba zao au babu zao waliletwa na kampuni za migodi na za reli tangu zamani za Wabelgiji.

Nimewauliza wazee: ukingo ulikuwa wapi? Ni siku gani mlijua kwamba tumefika? Hakuna anayenitajia siku. Lakini wananitajia maneno. Wanasema kwanza lilikuwapo neno «watu wa kuja». Hilo halikuonekana baya. Kila mtu ametoka mahali. Kisha katika mikutano ya siasa likaja neno «bilulu». Bilulu ni wadudu. Jirani aliyekuwa mkristo mwenzako, aliyekukopesha chumvi, sasa ni mdudu. Watu walicheka, maana wasemaji wa mikutano ile walijua kuchekesha. Mzee mmoja aliniambia: «Tulicheka, mwanangu. Hilo ndilo linaloniuma.» Wadudu hawapigwi vita. Wadudu wanafagiwa. Kwa hiyo neno vita halikuwa na kazi, na neno ukingo halikusemwa na mtu, kwa sababu mtu anayefagia nyumba yake haoni kwamba yuko ukingoni mwa kitu chochote.

Miaka miwili baadaye, ng'ambo ya mashariki, redio moja ya Kigali iliyoitwa RTLM iliwaita Watutsi inyenzi, yaani mende. Nanyi mnajua yaliyofuata mwaka 1994. Tarehe 3 Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwahukumu watu watatu kwa kesi ya vyombo vya habari, wawili wa redio hiyo na mmoja wa gazeti Kangura. Nakumbuka hukumu hiyo kila ninapokaa mbele ya mikrofoni hii.

Mtasema: hayo ni ya Arusha, huku kwetu sheria iko wapi? Iko, na ni ya zamani kuliko wengi wetu. Ni amri yenye nguvu ya sheria namba 66-342 ya tarehe 7 Juni 1966, inayokataza ubaguzi wa rangi na ukabila. Anayeonyesha chuki ya kabila au ya rangi, au anayeichochea kwa maneno, kwa matendo au kwa maandishi, anaweza kushtakiwa. Haikuhitaji nyumba iungue kwanza. Mwaka 1992 sheria hiyo ilikuwa na umri wa miaka 26, ipo katika vitabu, ikisubiri mtu wa kuifungua.

Nirudi kwenye maneno, kwa maana kuna moja ambalo ninalipenda kuliko yote. Ni nusura.

Kwetu huku, mtu akiokoka katika hatari husema: ilibaki kidogo nife. Au: karibu nife. Au: kidogo nife. Yote ni Kiswahili safi. Lakini Kiswahili cha vitabu kina pia «nusura nife», na wengine husema almanusura. Neno hili limetoka katika Kiarabu, nalo ni ndugu wa kunusuru, yaani kuokoa, kusaidia. Mtu aliyenusurika anaitwa manusura. Kwa hiyo ukisema nusura nife, ndani ya maneno yako umekwisha kutaja kwamba palikuwa na msaada. «Ilibaki kidogo» linapima umbali tu, kama fundi anayepima ubao: vidole vitatu tena na ningekufa. «Nusura» linauliza: ni nani aliyekunusuru?

Hilo ndilo swali ambalo hatuliulizi. Vita vinapotokea, tunaunda tume, tunahesabu nyumba zilizoungua, tunaandika majina. Vita visipotokea, hakuna anayeandika. Yule mama muuza samaki aliyetembea nasi usiku ule, ni nani aliyeandika jina lake? Nyavu zikaendelea kutegwa, shule zikafunguliwa, watu wakasema, kumbe hakukuwa na kitu. Kulikuwa na kitu. Kulikuwa na nusura. Ningependa kila kijiji cha wilaya yetu kiwe na daftari moja ambamo katibu wa chefu anaandika nusura za mwaka: siku gani, ugomvi gani, nani alikwenda kusema na nani, walikula nini pamoja baadaye. Nawaambieni, daftari hilo lingewafaa vijana kuliko hotuba zetu nyingi, na hii ya leo ikiwamo.

Kuna ukingo mwingine ambao hauna neno, au mimi nasema haujapata neno linalotosha. Mwisho wa mwaka 2005 na mwanzo wa 2006, wakati jeshi lilipopigana na Mai-Mai upande wa Mitwaba na kwingineko katikati ya Katanga, watu walikimbia kwa maelfu. Wengine waliteremka mpaka ziwa Upemba. Hapo, kama mnavyojua, pana visiwa vya mafunjo vinavyoelea juu ya maji. Familia zilikwenda kukaa juu ya visiwa hivyo, pamoja na watoto, bila udongo chini ya mguu. Nyuma yao walimwogopa mwenye bunduki wa msituni, na walimwogopa pia mwenye bunduki wa serikali. Mtu wa namna hiyo utasema yuko ukingoni? Ukingo una upande mmoja mgumu. Hao hawakuwa na upande mgumu hata mmoja. Hata hivyo walivua, walipika, na watoto walizaliwa humo. Ninyi mliokaa huko na sasa mnanisikia, kama mna neno la Kiluba au la Kiswahili mlilolitumia kusema hali yenu, nileteeni. Ninalihitaji kwa kazi hii.

Niseme mawili matatu kwa haraka juu ya mpaka, maana saa inakwenda. Mpaka ni alama kati ya shamba langu na lako, na ni neno la muda pia: nitakungoja mpaka jioni. Mtu akisema «tutasimama mpaka mwisho», hajasema mwisho wa nini. Na kwa mipaka ya maji, kumbukeni kwamba ziwa halisomi hati. Mwaka wa maji mengi linakuja, mwaka wa jua linarudi. Sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo wote ni mali ya serikali. Sisi tuna haki ya kuutumia tu. Basi matope yaliyoonekana mwezi wa nane si ya aliyeyaona kwanza wala si ya mwenye panga refu. Kapita na chefu wakutane kabla maji hayajarudi nyuma, wapande miti ya alama, wakubaliane kwa mwaka huo mmoja. Vijiji vinavyofanya hivyo vipo, na havijulikani kwa sababu hakuna aliyeumizwa huko.

Nimalizie kwa barua. Kijana mmoja, jina lake nitalificha, anatuandikia hivi, nami nafupisha: «Niligombana na jirani juu ya mpaka wa shamba. Nilimwinulia panga. Yeye alikuwa ameanguka chini, hakuwa na kitu mkononi, na hapakuwa na mtu mwingine. Nikatazama, nikashusha mkono, nikaenda nyumbani. Mke wangu anasema nusura niwe mwuaji. Kaka yangu anasema hakuna kilichotokea, ninyamaze. Je, mbele ya sheria mimi ni nani?»

Ndugu yangu, asante kwa kuandika. Swali lako ni la watu wengi, na sheria yetu ina jibu. Kitabu cha sheria ya makosa ya jinai, ambacho msingi wake ni dikri ya tarehe 30 Januari 1940, kinasema katika kifungu cha 4 juu ya kujaribu kutenda kosa. Wazo la moyoni peke yake haliadhibiwi. Hakuna askari anayekamata mawazo. Kujaribu kunaanza pale nia inapoonekana kwa matendo ya nje, matendo ambayo ni mwanzo wa kulitenda kosa lenyewe. Na matendo hayo yakikatizwa, au yakikosa kufaulu, kwa sababu isiyotokana na mapenzi ya mtendaji, basi mtu huyo anaadhibiwa adhabu ileile kana kwamba alimaliza. Nairudia: adhabu ileile. Ungeteremsha panga na mtu mwingine akakudaka mkono, usingeweza kumwambia hakimu kwamba hakuna kilichotokea.

Lakini wewe mkono wako hakuudaka mtu. Uliushusha mwenyewe. Ukiacha kwa mapenzi yako, huko si kujaribu kuua. Waliotunga sheria waliona mbali hapo. Walijua kwamba mtu aliyefika ukingoni, akiambiwa kwamba amekwisha kuhesabiwa kuwa mwuaji, hatakuwa na sababu ya kurudi. Basi wakaiacha njia ya kurudi wazi mpaka hatua ya mwisho. Hiyo ndiyo tofauti kati ya nusura ya kwako na nusura ya aliyezuiwa na wengine: wewe na aliyekunusuru ni mtu mmoja.

Hata hivyo kaka yako hana haki. Kilitokea kitu. Yaliyotendeka kabla hujaacha yanabaki yametendeka: kama ulimpiga akaanguka, pigo hilo ni kosa lake peke yake; na kumtisha mtu kwa panga kunaweza kukufikisha kortini. Tena kuna jirani yako. Yeye alikuwa chini, akaliona panga juu. Hakusoma kifungu cha 4. Anachojua ni kwamba wewe unataka kumwua, na sasa mmekwisha kusikia neno hilo kutaka linaweza kubeba nini. Usiku anapolala anasikiliza miguu.

Kwa hiyo usinyamaze. Usiende peke yako, na usiende na kaka yako. Nenda na kapita na mtu mzima mmoja wa ukoo wa mke wako. Usiingie kiwanjani mwake. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006 inasema katika kifungu cha 29 kwamba makao ya mtu hayaingiliwi, na kabla ya katiba wazee wetu walikuwa na neno fupi zaidi kwa jambo hilo. Simama pale nje, penye mpaka wa kiwanja, mikono yako ionekane, useme hodi. Hodi ni neno la ukingo pia: anayelisema anakubali kwamba hatua inayofuata si yake. Jirani anaweza kunyamaza. Ikiwa hivyo, rudi nyumbani, na kesho kutwa uende tena. Akijibu karibu, mwache kapita aanze kusema, nawe umwambie jirani maneno uliyotuandikia sisi, kwamba ulitazama ukashusha mkono. Mpaka wa shamba usiuguse siku hiyo. Huo utapimwa wiki nyingine, mchana, mbele ya watu.

Wasikilizaji, muda wetu umekwisha. Wiki ijayo, Mungu akitujalia na umeme ukiwapo, tutasoma barua zenu juu ya ushuru wa samaki kituoni, maana mmeniandikia nyingi. Na yule kijana, ukifika kwa jirani, utuandikie tena utuambie alijibu nini.

Kwaherini.